Mtoto Ambaye Hakuulizwa: Kipindupindu Katika Nyumba Yenye Mgonjwa wa Kitandani, Goma

Nyumba inayochambuliwa hapa ni ya mfano, imeundwa kwa ajili ya wauguzi wanaohudumia wagonjwa majumbani. Mazingira yake ni ya Goma: parseli (kiwanja) moja katika katiye (mtaa) ya Majengo, komini ya Karisimbi, kaya nne zikitumia choo kimoja. Shimo la choo si refu, kwani chini ni jiwe la lava na hakuna jembe linaloingia hapo. Bomba likikauka, maji hununuliwa kwa wenye baiskeli, bido (madumu) za lita 20 zilizotekwa Ziwa Kivu. Kama zilipitishwa penye watu wa kutia klorini au hazikupitishwa, mnunuzi hana njia ya kujua kwa macho.

Mgonjwa ni mama wa miaka 67, kilo 50 hivi, amepooza upande wa kuume baada ya kiharusi. Ana sondi ya mkojo (mpira unaotoa mkojo kwenye kibofu), na kidonda cha kulalia kwenye kifandugu. Mwanawe ni motari (dereva wa pikipiki ya abiria), anaondoka alfajiri. Anayemgeuza, kumwosha na kumlisha ni mkamwana wake, na huyo huyo ndiye anayepika, anayefua na anayenyonyesha mtoto wa miezi 18. Kuna watoto wengine wawili wa shule. Muuguzi hufika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Jumatatu asubuhi muuguzi alibisha hodi, akauliza, "Mama ameamkaje?" Akajibiwa, "Salama, dokta." Jibu lilikuwa la kweli. Mtoto mdogo alikuwa anahara maji tangu usiku wa Jumapili, lakini mtoto hakuwa mgonjwa wa muuguzi, basi hakuna aliyemtaja. Nguo zake zilikuwa zinalowa katika beseni la plastiki ambalo jioni hutumiwa kumwoshea bibi. Mkamwana alizikamua, akasuuza mikono kwa maji matupu, akaja kumshika mama mkwe ubavuni ili kidonda kisafishwe.

Jumatano saa tatu asubuhi hali ilikuwa nyingine. Mama alikuwa amehara tangu alfajiri, maji meupe kama maji ya kuoshea mchele. Bandeji ya kifandugu ilikuwa imelowa. Mfuko wa mkojo, uliomwagwa jioni saa tatu, ulikuwa na mililita 60 tu. Muuguzi alivaa glavu, akabadilisha bandeji, akatundika serumu (dripu) ya glukosi ya asilimia 5, akampigia motari simu akiwa bado na glavu zile zile mkononi, kisha akaendelea na ratiba yake: nyumba iliyofuata ilikuwa ya mzazi aliyejifungua kwa kupasuliwa siku chache kabla. Kipimo cha presha kilikuwa kile kile, cha kitambaa. Motari aliporudi alimwaga chupa nzima ya javeli (klorini ya maji) sakafuni juu ya mavi. Kituo cha afya kilipata habari Alhamisi.

Ukimwuliza muuguzi huyu kama anajua kujikinga, atajibu vizuri kila swali, na glavu alivaa kweli. Kosa la kisa hiki ni kwamba alihudumia kitanda badala ya nyumba. Hospitalini ukuta wa wodi na zamu za watu hutenganisha mgonjwa wa kidonda na mtoto anayehara. Hapa kazi hiyo yote iko kwenye mikono miwili ya mkamwana, na hakuna aliyempa sabuni wala utaratibu.

Swali la mlangoni

Kabla ya kuvua viatu, kabla ya begi kuguswa, muuguzi anauliza kuhusu kila anayelala katika nyumba ile: nani anahara au kutapika, nani ana homa, nani ana vipele, nani amesafiri au amepokea mgeni mgonjwa, nani amezika karibuni. Ni dakika moja. Liulizwe hivyo, kwa kutaja "wote wanaolala humu", maana ukiuliza "kuna mgonjwa mwingine?" utajibiwa hapana, kwani mtoto anayehara kwa ajili ya kuota meno, kwa maneno ya watu, hahesabiwi kuwa mgonjwa.

Jumatatu jibu lingekuwa: mtoto, tangu jana usiku. Kipindupindu huchukua saa 12 hadi siku 5 tangu vijidudu vimezwe mpaka dalili zianze, kwa hiyo Jumatano ya bibi inalingana kabisa na Jumapili ya mtoto. Huenda wote wawili walikunywa bido moja. Huenda ni beseni. Kwa kazi ya siku ile tofauti haikuwa kubwa, kwani njia zote mbili zilipaswa kufungwa.

Swali hilo hilo ndilo linalolinda dhidi ya mambo makubwa kuliko kuhara. Tarehe 14 Julai 2019 Goma ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola, mtu aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Mgonjwa wa namna hiyo, siku ya kwanza, ni homa na udhaifu tu, na familia nyingi huita mtu wa kuja kutundika serumu nyumbani. Jibu la mlangoni likiwa homa pamoja na safari kutoka penye mlipuko, au kuvuja damu, au msiba wenye mashaka, muuguzi hagusi, hachomi sindano, anarudi nyuma mita mbili na kupiga simu kwenye zoni ya afya kutoka nje. Vipele vyenye usaha, hasa mikononi mwa anayemhudumia mgonjwa, vinahitaji tahadhari ya mpox: mkoa jirani wa Kivu Kusini, huko Kamituga, ndiko aina mpya ya virusi hivyo ilikotambuliwa kuanzia Septemba 2023, na shuka za mgonjwa huambukiza.

Mama Jumatano saa tatu: upungufu wa maji

Kubana ngozi ya tumbo ili kuona inarudi haraka au la ni kipimo kibovu kwa mzee. Ngozi ya miaka 67 hurudi polepole hata akiwa mzima. Macho yaliyodidimia nayo hudanganya kwa aliyekonda. Lakini nyumba hii ilikuwa na kipimo ambacho wodi nyingi zingekitamani: sondi. Mtu mzima anapaswa kutoa angalau nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo kwa kila saa. Kwa kilo 50 ni mililita 25 kwa saa, yaani 300 kwa saa 12. Mfuko ulikuwa na 60. Ukiongeza mapigo dhaifu kwenye kifundo cha mkono na vidole vya baridi, hapo hakuna tena cha kujadili: huyu ni wa kupelekwa kituo cha matibabu ya kipindupindu, sasa hivi.

Serumu ya glukosi ilikuwa bure kabisa. Kipindupindu kinatoa maji pamoja na chumvi, na glukosi ya asilimia 5 hairudishi chumvi. Kinachotakiwa kwa upungufu mkali ni Ringer lakteti, mililita 100 kwa kila kilo: 30 kwa kilo ndani ya dakika 30, kisha 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Kwa mama huyu ni lita moja na nusu, halafu lita tatu na nusu. Mzee mwenye moyo dhaifu asikilizwe mapafu mara kwa mara wakati serumu inakimbia, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoibandika na kuondoka.

SRO (mchanganyiko wa kunywa wa kurudisha maji na chumvi) anapewa wakati gari linatafutwa, ila kwa tahadhari ya kiharusi. Aliyepooza mara nyingi koo lake nalo limepooza nusu, na maji mepesi huingia mapafuni. Aketishwe wima, kidevu kiinamishwe kidogo, apewe kijiko kimoja kimoja upande wa mdomo ulio mzima. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, acheni. Mtoto yeye anakunywa bila tatizo: mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, aendelee kunyonya, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10. Pakiti moja ya SRO ni ya lita moja kamili ya maji salama, na baada ya saa 24 kilichobaki kinamwagwa. Chupa ya soda ya lita moja na nusu ni mtego: pakiti moja ndani yake inatoa mchanganyiko dhaifu.

Usafiri nao ufikiriwe. Mama huyu hawezi kubebwa kwa pikipiki, na familia nyingi hufikiria hilo kwanza kwa sababu mwana ni motari. Plastiki itandazwe chini yake kwenye kiti cha gari, ndoo iwe mkononi, mfuko wa mkojo uwe chini ya kibofu njia yote. Mpiga simu awaambie wanaompokea mambo mawili ambayo bila hayo atalazwa vibaya: ana sondi, na ana kidonda cha kifandugu. Kitanda cha kipindupindu chenye tundu katikati hukandamiza mahali pale pale palipo na kidonda. Alazwe ubavu, ageuzwe kila saa mbili, plastiki yenye mteremko ikiongoza uchafu kwenye ndoo.

Kidonda na sondi katikati ya kuhara

Kawaida muuguzi huanza na kisafi na kumaliza na kichafu. Mavi yakiwa yameshafika kwenye kidonda utaratibu huo hauwezekani, basi kazi inagawanywa mara mbili. Kwanza, kwa glavu za kwanza, uchafu unapanguswa kutoka mbele kwenda nyuma, mbali na sondi, kitambaa kikitumika mara moja tu. Bandeji iliyolowa inatolewa katika awamu hii. Glavu zinavuliwa, mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60. Ndipo glavu nyingine zinavaliwa, sondi inasafishwa kuanzia inapoingilia mwilini kwenda chini, kisha kidonda kinaoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali au maji yaliyochemshwa na kupozwa. Jeli ya alkoholi haitoshi kwa mikono yenye uchafu unaoonekana. Na klorini ya sakafuni haiendi kwenye kidonda, hata iwe nyepesi kiasi gani. Inaunguza nyama mpya.

Mfuko wa mkojo humwagwa ukifika theluthi mbili, kwenye chombo chake peke yake, mdomo wa mfuko usiguse chombo. Katika nyumba nyingi za Goma mfuko hulazwa sakafuni kwa sababu kitanda ni kifupi. Funga kamba kwenye mguu wa kitanda, mfuko uning'inie bila kugusa chini.

Klorini: hapa ndipo watu wengi hukosea

Motari alimwaga javeli nzima juu ya mavi na akaamini amemaliza. Klorini huliwa na uchafu: inapokutana na mavi, matapishi, udongo au sabuni, nguvu yake huishia huko kabla ya kugusa vijidudu. Uchafu utolewe kwanza kwa kitambaa au makala (makaa) yaliyosagwa, sakafu ioshwe kwa maji ya sabuni, isuuzwe, ndipo klorini ipakwe na iachwe dakika 10.

Unga wa klorini uitwao HTH wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 ndio wa kutegemea, na kijiko kikubwa kilichosawazishwa hubeba gramu 15 hivi. Kijiko kimoja ndani ya bido ya lita 20 hutoa asilimia 0.05, ya mikono. Vijiko viwili ndani ya lita 10 hutoa asilimia 0.2, ya sakafu, kitanda, choo na shuka. Vijiko viwili ndani ya lita moja hutoa asilimia 2, na hiyo ni ya ndoo ya mavi na matapishi tu: nusu kikombe kiwekwe ndani ya ndoo kabla mgonjwa hajaitumia, na ikijaa isubiri dakika 10 kabla ya kumwagwa chooni. Unga huacha tope jeupe chini. Subiri litulie, utumie maji ya juu. Chombo kiwe cha plastiki, chenye mfuniko, kivulini, kwani bati huliwa. Kila siku tengeneza upya.

Javeli ya dukani hupimwa kwa digrii, na wauzaji wengi hawajui maana yake. Digrii 12 ni takriban asilimia 3.8 ya klorini, digrii 8 ni asilimia 2.5. Kwa ile ya digrii 12, nusu lita katika lita 9 za maji hutoa asilimia 0.2, na kwa asilimia 2 ni nusu kwa nusu na maji. Shida ni kwamba jua na joto huila javeli ndani ya chupa, na chupa nyingi za sokoni zimejazwa upya kutoka pipa lisilojulikana. Chupa isiyo na lebo iachwe kwa kufulia. Wala isichanganywe na siki au asidi ya kusafishia choo: hewa inayotoka huunguza mapafu, na vyoo vyetu havina dirisha.

Watu wa kupulizia dawa kwa mtungi mgongoni hupendwa kwa sababu wanaonekana. Kwa maoni ya uchambuzi huu kazi yao ni ndogo: mvuke hauondoi uchafu, hukauka kabla ya dakika 10, na jirani wakiuona mtungi mlangoni watamficha mgonjwa wa pili. Kitambaa, ndoo na mwanamke aliyeelekezwa vizuri vinafanya zaidi.

Shuka na nguo za mtoto: kinyesi kitolewe kwanza chooni, kisha zichemshwe dakika 5 au zilowekwe dakika 10 katika asilimia 0.2, ndipo zifuliwe na kuanikwa juani, juu ya kamba na sio juu ya mawe ambapo kuku na watoto hupita. Mabeseni yawe mawili na yapewe alama: utepe mwekundu wa plastiki kwenye la uchafu. Alama ya maneno haitoshi pale ambapo mtoto wa miaka minane ndiye anayetumwa kuleta beseni.

Maji ya kunywa yana hesabu yake. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha bido ya lita 20 ya maji maangavu. Yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa na viwekwe viwili. Subiri dakika 30. Kuchemsha nako ni sawa: Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 95, na kuchemka kwa nguvu dakika moja kunatosha. Wengi huyaacha kwenye mbabula (jiko la makaa) nusu saa, makala yanaisha, kesho hawachemshi tena. Kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, kikombe kisiingizwe ndani.

Begi, kipimo cha presha, na nyumba inayofuata

Begi la muuguzi liliwekwa kitandani, miguuni pa mgonjwa. Linatakiwa kuning'inia kwenye msumari au kukaa juu ya kipande cha plastiki safi. Kila kitakachotumika hutolewa na kupangwa kabla ya glavu kuvaliwa. Mkono wenye glavu hauingii begini, na simu haiguswi. Kipimo cha presha cha kitambaa hakipanguswi kikasafika. Kwa wagonjwa wa muda mrefu nafuu ni kuacha kimoja nyumbani kwao, au kutumia cha plastiki kinachopanguswa kwa alkoholi asilimia 70. Pasipo vyote viwili, mkono wa mgonjwa uvikwe mfuko mwepesi wa plastiki kabla ya kufungwa. Namba zinabadilika kidogo tu.

Mzazi aliyepasuliwa alipaswa kutembelewa kabla ya nyumba hii. Ratiba ya siku hupangwa kwa hatari, si kwa umbali: wachanga na wazazi, kisha vidonda safi, kisha sondi na vidonda vichafu, mwisho nyumba yenye kuhara au homa. Ikigundulika katikati ya siku, kama hapa, mzazi anapigiwa simu na kuambiwa kesho, au mwenzake anaenda. Kumwahirisha mzazi siku moja hakumdhuru kama kumpelekea beseni la jirani mikononi.

Sindano ya serumu ilitupwa kwenye takataka za parseli. Isifunikwe tena kwa kofia yake. Iende kwenye boksi lake au kopo gumu la plastiki la mafuta lenye mfuniko, likijaa robo tatu lirudi kituoni. Kila asubuhi watoto wa kaya nne huchezea jalala lile.

Kutoa habari

Kwa kuwa mlipuko ukishatangazwa kila anayehara maji ni mshukiwa, mtoto wa Jumatatu alitosha kupigiwa simu. Mlipuko usipokuwa umetangazwa, anayehesabiwa ni mwenye miaka 2 au zaidi aliyeishiwa maji vibaya au aliyekufa kwa kuhara. Hapo bibi wa Jumatano alitosha. Anapigiwa mkuu wa kituo cha afya cha eneo, pamoja na reko (mhudumu wa afya wa jamii) wa katiye, ambaye kazi yake ya kwanza ni kaya nyingine tatu za parseli na choo kile. Wengine wasipewe antibiotiki kwa kinga bila agizo la zoni; wapewe sabuni, vidonge vya maji na SRO, na waangaliwe siku 5 tangu mgonjwa wa mwisho aanze.

Vitu hivi havitafutwi siku ya ugonjwa. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 na lava kukata mabomba, bei ya sabuni na ya bido haikusubiri mtu. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa kitandani inatosha: pakiti 10 za SRO, HTH gramu 250 kwenye kopo lenye mfuniko, kijiko kimoja ambacho hakiingii jikoni, vidonge vya maji vya mwezi, sabuni ngumu, plastiki mita mbili, glavu jozi 10, ndoo ya bomba na mabeseni mawili. Pakiti 10 zaweza kuonekana nyingi, lakini mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita moja kwa saa.

Linabaki la sondi. Katika daftari la nyumba hakuna mahali palipoandikwa kwa nini iliwekwa na lini itolewe. Kila siku sondi inapokaa, hatari ya bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka asilimia 3 hadi 7. Wakati wa kipindupindu ilisaidia kupima mkojo, iachwe mpaka upungufu wa maji uishe. Akisharudi nyumbani na kutoa mkojo wa kutosha, muuguzi amwulize daktari swali la moja kwa moja: je, kibofu chake kinashindwa kujitoa, au sondi iliwekwa ili shuka zisilowe? Kama ni la pili, itolewe, na mkamwana aongezewe vitambaa na sabuni, maana mzigo wa kufua utamrudia yeye.